Mkanda wa Tunguu

SEHEMU YA KWANZA

Basi la Dar es Salaam lilimshusha Bi Zuhura stendi ya Mafinga jioni ya Julai, amevaa baibui jepesi na makubadhi. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka upande wa misitu ya Sao Hill, na watu wote pale stendi walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti. Kijana wa bodaboda alipomuuliza anakwenda wapi, alijibu, "Kwa Mzee Picha." Hakutaja mtaa, na haikuwa lazima. Mji mzima, kuanzia Kinyanambo hadi Changarawe, unamjua babu yangu kwa jina hilo, maana kwa miaka mingi hapakuwa na harusi, kipaimara wala mahafali yaliyokamilika hapa kabla hajasimama mbele ya watu na kuwaambia wanyanyue videvu.

Mimi ndiye niliyekuwa dukani, nakata picha za paspoti.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Miye natoka Unguja, kijiji cha Tunguu. Namtafuta mzee aliyekuwa sahibu wa mjomba wangu Makame, zamani, kabla ya Mapinduzi."

Jina la Makame sikuwahi kulisikia. Nilimwekea stuli karibu na jiko la mkaa, nikamtandikia blanketi mabegani, nikampa chai ya maziwa. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye macho yasiyotulia. Alikunywa huku akiutazama ukuta.

Kila mteja huutazama ule ukuta. Babu alianza kubandika picha pale kabla baba yangu hajaoa. Nyingine alizikata kwenye magazeti na majarida, nyingine alizipiga upya kutoka vitabuni na kuzikuza mwenyewe, na zote ni za watu waliokwenda angani. Juu kushoto yupo Yuri Gagarin, Mrusi aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961 kwa dakika 108. Roketi za kupunguza mwendo wa chombo chake ziliwashwa alipokuwa anaikaribia pwani ya magharibi ya Afrika, kwa hiyo mwanadamu wa kwanza kurudi kutoka angani alirudi kwa kupita juu ya bara letu. Chini yake yupo Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza, aliyeondoka 16 Juni 1963 akakaa huko karibu siku tatu peke yake na kuizunguka dunia mara 48. Nilipokuwa mdogo picha hiyo ndiyo niliyokuwa naifuta vumbi kabla ya zote. Anafuata John Glenn. Kisha Edward White, Juni 1965, anaelea nje ya chombo chake, chini yake bahari na mawingu.

Babu alitulea kwa ukuta huo. Mjukuu akishafika umri wa kushika kamera husimamishwa mbele yake na kuulizwa swali moja: nani alipiga? Haulizwi nani yumo. White akielea, jibu ni James McDivitt, mwenzake aliyebaki ndani ya Gemini 4. Dunia ikichomoza nyuma ya upeo wa mwezi, mkesha wa Krismasi wa 1968, ni William Anders wa Apollo 8, aliyekuwa akiwahimiza wenzake wampe upesi mkanda wa rangi kabla dunia haijampita dirishani. Halafu ile ya Julai 1969, mtu amesimama mwezini na kioo cha kofia yake kinarudisha kila kilichoko mbele yake. Hapo watoto wote hutaja jina la Neil Armstrong kuwa ndiye aliyesimama, na wote hukosea. Aliyesimama ni Buzz Aldrin. Kamera ilikuwa kwa Armstrong, ndiyo maana mtu wa kwanza kukanyaga mwezi anakosekana karibu katika picha zote nzuri za safari yake. Ukikaza macho kwenye kioo cha kofia ya Aldrin utamwona mle, mdogo sana, mweupe.

"Umeona?" Babu hutuambia. "Aliyefika wa kwanza yumo ndani ya jicho la mwenzake."

Kuna picha moja tu anayoiruka. Ni ile ya 7 Desemba 1972, dunia nzima ya duara, Afrika kuanzia Misri hadi Rasi, Madagaska pembeni, barafu ya kusini chini. Ilipigwa kutoka Apollo 17 ikiwa umbali wa kilomita kama 29,000. Ndani walikuwamo Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, kamera ilikuwa ikipita mikononi mwao, na sifa ya picha hiyo wamepewa wote watatu. Sisi wajukuu tulidhani Babu anairuka kwa sababu jibu lake ni gumu kwa watoto.

Bi Zuhura hakuitazama hiyo. Aliinuka, akaenda hadi kwa John Glenn, na hapo chini ya Glenn akagusa picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo haikutoka jaridani. Ilikuwa na minazi, uzio wa waya, na nyuma ya uzio antena kubwa imeelekezwa juu.

"Hapa ni kwetu," alisema.

Babu aliingia wakati huo akipapasa ukuta kwa fimbo. Mtoto wa jicho amemwachia mwanga kidogo tu, anatambua watu kwa sauti. "Kamwene," alimsalimu mgeni kwa mazoea ya hapa, na Bi Zuhura akaitikia kwa salamu ya kwao, akajitambulisha. Yeye ni binti wa Mwanaisha, dada yake Makame. Mama yake amefariki karibuni, na ndani ya kasha lake imekutwa bahasha ya zamani, tupu, yenye anwani ya sanduku la posta la Mafinga.

Fimbo ya Babu ilianguka sakafuni. Hakuiokota.

"Neema, funga duka."

Aliingia chumbani kwake, akakaa humo kitambo, akatoka na kopo dogo la bati lililozibwa kwa nta. Alilishika kwa mikono miwili.

"Mkanda huu ni wa Makame," alisema. "Picha thelathini na sita. Umepigwa wote, lakini haujasafishwa mpaka leo."

"Kwetu hatuna picha yake hata moja," Bi Zuhura alisema, sauti ikimtetemeka. "Hata moja, baba. Mimi sijui uso wa mjomba wangu."

"Mngeipata wapi? Kamera ilikuwa mkononi mwake siku zote. Ila picha ya mwisho, ya thelathini na sita, niliipiga mimi. Humo yumo." Babu alinyamaza, kisha akauliza, "Mama, kwenu walikwambia alikufa lini?"

"Siku ya Mapinduzi yenyewe. Jumapili, tarehe 12 Januari 1964."

Babu alitikisa kichwa.

"Picha hiyo tuliipiga Jumatatu."

Itaendelea.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Bi Zuhura amesafiri kutoka Tunguu kumtafuta rafiki wa mjomba wake. Mzee Picha amemtolea mkanda uliofungwa tangu 1964, ambao picha yake ya mwisho inamwonyesha Makame siku moja baada ya kifo chake. Sasa endelea.

Bi Zuhura hakulia. Aliketi tena polepole.

"Kila mwaka tunamsomea hitima tarehe hiyo."

"Endeleeni kumsomea. Sikwambii kwamba yu hai. Nakwambia siku mliyopewa siyo." Halafu Babu akauliza swali ambalo sikulielewa wakati ule. "Wewe umezaliwa lini, mama?"

"Septemba mwaka huohuo. Baba yangu alikuwa baharia, nasikia alizama kabla sijazaliwa."

Niliona vidole vya Babu vikigusana kimoja baada ya kingine juu ya goti. Kisha akaanza kusimulia, na mambo mengi aliyoyasema usiku ule hata baba yangu mzazi, ambaye ni mwanawe wa kwanza, hakuwahi kuyasikia.

Alivuka kwenda Unguja akiwa kijana mbichi, kuchuma karafuu, kama vijana wengi wa bara walivyofanya. Msimu ulipokwisha hakurudi. Alipata kazi ya kuosha picha katika studio moja Mji Mkongwe, kutwa yuko gizani na mikono imelowa dawa. Miongoni mwa wateja walikuwamo Wamarekani wa kituo cha Tunguu, na Babu ndiye aliyekuwa akiwapelekea bahasha zao kwa baiskeli. Huko alikutana na Makame, mhudumu wa jenereta, kijana wa rika lake, mcheshi, ambaye alikuwa na kamera kuukuu aliyouziwa na mzungu mmoja kwa bei ya huruma. Kamera nyingine za wakati ule zilikuwa na saa ya kujipiga, unaitega kisha unakimbia kujipanga na wenzako. Ya Makame ilikuwa haina. "Ukitaka kuonekana," Babu alisema, "lazima umwamini mtu mwingine aishike."

Kituo chenyewe kilitokana na makubaliano ya mwaka 1960, Zanzibar ikiwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Chombo cha Mercury, chenye nafasi ya mtu mmoja tu, kikishakwenda upande wa pili wa dunia hakikuweza kusikika Marekani. Kwa hiyo Wamarekani walipanga vituo 18 kuuzunguka ulimwengu, viwili kati yake vikiwa melini, na kila kimoja kikimpokea mwanaanga kwa dakika chache kisha kinamkabidhi kwa kinachofuata. Kano ya Nigeria ikimaliza, Zanzibar inapokea. Zanzibar ikimaliza, meli iliyoko Bahari ya Hindi inapokea, kisha Australia.

Mjini watu walisema Wamarekani wameficha makombora, na wakaandamana kudai kituo kiondolewe. Makame alikuwa akisimamishwa sokoni na kuulizwa. "Hakuna kombora pale," alijibu. "Kuna sikio tu, kubwa kuliko yote mliyowahi kuona."

Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliondoka Florida asubuhi, na saa za kwetu zilikuwa zinakaribia kumi na mbili jioni. Nusu saa baadaye alikuwa juu ya Zanzibar, zaidi ya kilomita 200 kwenda juu, akikimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Alivuta kamba ya mpira iliyofungwa ndani ya chombo ili madaktari walioko chini waone moyo utafanya nini. Mapigo ya moyo wa mtu aliyeko angani yalikuwa yakichorwa kwenye karatasi hapo Tunguu, kijijini, katikati ya minazi na mihogo. Kila nikilifikiria hilo nashindwa kuelewa kwa nini halimo katika vitabu tulivyosoma shuleni.

Glenn naye alikuwa na kamera. Si ya kitaalamu. Aliinunua katika duka la dawa karibu na mahali pa kurushia roketi, mafundi wakaifunga mpini wa bastola ili aweze kubonyeza akiwa na glovu nene, na kwa kamera hiyo ya dukani alipiga picha za jua likizama na za mawingu ya dunia.

"Sasa Makame alifanya nini?" Babu aliuliza. "Kila mtu angeelekeza kamera juu. Juu kulikuwa na nini cha kupiga? Hakuonekana kitu. Makame aliipa mbingu mgongo. Nje ya uzio walisimama akina mama waliotoka shambani, watoto, mzee mmoja mwenye kanzu, mvuvi na tenga lake, wote wametazama juu. Aliwapiga hao."

Hapo nilihisi mwili wangu ukinisisimka. Nimekulia mbele ya picha za waliopanda. Za waliosimama chini yao sikuwahi kuona.

Usiku huo, watu wa Tunguu wakiwa wamekwisha kwenda kulala, mambo yaliharibika huko juu. Ishara moja iliwaambia wataalamu kwamba ngao ya kumkinga Glenn na moto wakati wa kurudi huenda imelegea, na ikichomoka ataungua akiwa hai. Vituo vya njiani vikaagizwa kumwuliza kuhusu swichi fulani bila kumweleza sababu. Mwishowe aliamriwa asiutupe mzigo wa roketi za breki uliofungwa mbele ya ngao, ili mikanda yake ishikilie. Alirudi akiona vipande vya moto vikipita dirishani, hajui kama ni vya mzigo au ni ngao yenyewe. Alitua baharini salama baada ya saa nne na dakika 55. Kumbe ngao haikuwa na tatizo lolote, ishara ndiyo iliyodanganya.

Mkanda ulikuwa ghali, Makame akaulisha kwa ubahili. Scott Carpenter alipopita Mei 1962, picha chache. Walter Schirra Oktoba, chache. Gordon Cooper alipoizunguka dunia mara 22 mnamo Mei 1963, chache tena. Ikaja Desemba na uhuru, ikaja Januari na bunduki. Jumatatu ya tarehe 13, manowari ya Marekani iitwayo Manley iliwapakia Wamarekani 61, kati yao 16 wa kituo cha Tunguu.

"Makame alikuwa bado na funguo za chumba cha jenereta," Babu alisema. "Siku ile kukutwa na kamera lilikuwa jambo la kufa. Alirudisha mkanda ndani ya mkebe wake, akanipa, akaniambia nivuke nao. Nilivuka kwa jahazi. Kumwona, sikumwona tena."

"Na miaka yote hii hukuusafisha?" nilimuuliza. "Wewe? Fundi?"

"Kwanza niliogopa," alijibu. Sababu ya pili hakuisema.

Dawa za kusafishia mikanda siku hizi huzikuti Mafinga, lakini Babu anajua njia ya maskini. Kesho yake tulinunua kahawa ya Africafé, vidonge vya vitamini C kutoka duka la dawa, na magadi laini wanayotumia akina mama wanaotengeneza sabuni. Vikichanganywa kwa vipimo, vitatu hivyo huisafisha filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Cha kukazia picha kilikuwa kigumu zaidi. Ilibidi niende Iringa kwenye duka la vifaa vya maabara kutafuta thaiosalfeti, ileile ambayo wanafunzi wa kidato cha sita huitumia katika kemia ya vitendo.

Chumba cha giza cha Babu kimekwisha kuwa stoo ya mahindi. Tuliziba nyufa kwa magunia. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, giza lilikuwa zito. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo niliingia mimi, yeye na Bi Zuhura wakakaa nje ya mlango, akinielekeza kwa sauti. Nilikwangua nta, nikafungua kopo. Kidole changu kiligusa kikaratasi kilichokunjwa, nikakipenyeza chini ya mlango. Nikabandua kifuniko cha mkebe. Mkanda ukajikunjua kidogo kiganjani mwangu, mkavu, baridi.

Hapo ndipo niliposikia watoto wa mtaa mzima wakipiga kelele.

"Umemeee!"

Swichi ya stoo iko nje, ukutani. Nilijaribu kukumbuka kama tuliizima, nikashindwa.

Itaendelea.

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Neema yuko stoo, mkanda wa Makame uko wazi mkononi mwake, na umeme umerudi ghafla. Sasa endelea.

Taa ya stoo haikuwaka. Babu alikuwa ameichomoa balbu mchana, asimwambie mtu. Iliyowaka ni ya ukumbini, na mwanga wake ukaingia chini ya mlango, ukanyooka sakafuni hadi miguuni pangu.

"Ukumbatie!" Babu alifoka. "Uufunike kwa tumbo!"

Nilijikunja juu ya mkanda. Nje nikasikia koti likitupwa na kukandamizwa kwenye mlango, mwanga ukakatika. Moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kiasi kwamba sikuweza kuuvisha mkanda kwenye gurudumu lake mara moja.

"Tulia," alisema, sauti imeshuka. "Mkanda ukisharudishwa ndani, picha za mwanzo ndizo zinazokaa nje. Za mwisho ziko katikati kabisa, kwenye kijiti. Tukipoteza, tutapoteza za mwanzo."

Nilipofunga tangi na kutoka, Bi Zuhura alikuwa amesimama chini ya taa na kile kikaratasi. Kiliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Babu, aliyekitunza miaka yote hiyo, asingeweza kukisoma hata kama angelifungua kopo. Bi Zuhura alisoma kwa sauti huku akifuata mistari kwa kidole. "Moja hadi tatu, jioni ya Glenn. Nne hadi saba, watoto wa skuli. Nane hadi kumi na mbili, siku ya Carpenter..." Akaendelea hadi thelathini na tano. Kisha akanyamaza, akakikunja, akakitia kifuani.

"Na ya mwisho?" nilimuuliza.

"Tuione kwanza."

Kwa baridi yetu dawa ilibidi ipashwe moto kidogo hadi ikawa vuguvugu. Ilinuka vibaya sana. Babu alihesabu muda kwa kichwa, akauongeza, kwa sababu filamu ya miaka mingi hufifia na huhitaji kubembelezwa. Nilipindua tangi, nikaligonga, nikalipindua. Nikamwaga. Nikatia cha kukazia. Halafu maji, mengi, mpaka mikono ikafa ganzi.

"Fungua," alisema.

Nilivuta mkanda, nikauinua mbele ya taa. Picha tatu za kwanza zilikuwa nyeusi tii, hazina kitu ndani. Jioni ya Glenn ilikuwa imekwenda, imechomwa na mwanga wa ukumbini. Nilimwambia Babu, naye akafumba macho yake yasiyoona, akashika ukingo wa meza. Sikupata neno la kumpa.

Lakini ya nne ilikuwapo. Nilitumia simu kugeuza rangi, na skuli nzima ya watoto ikatokea, wameziba jua kwa viganja, vinywa wazi. Kisha mama mjamzito ameegemea uzio wa waya, ameinua uso. Kisha siku ya Schirra, wavuvi wawili, mmoja ananyoosha kidole juu na mwenzake anamcheka. Siku ya Cooper, mzee mwenye kanzu yuleyule wa masimulizi ya Babu, safari hii ameketi kwenye kiti kilicholetwa kutoka nyumbani, amekunja mikono, anasubiri. Zilikuwa na ukungu na madoa, lakini zilikuwa picha za mtu anayejua kusimama mahali panapofaa. Nilimsimulia Babu moja baada ya nyingine, na kila moja alinitajia jina la aliyemo.

Bi Zuhura aliwatambua wengine. "Huyu bibi yangu," alisema. "Huyu ni Mzee wa msikitini. Ya Rabi, walikuwa vijana." Machozi yalimtoka sasa, hakuyafuta. Nami nilikuwa nimekwisha amua kwamba wale watoto wa skuli watakaa ukutani, kando ya Gagarin na Tereshkova, kwa ukubwa uleule. Historia ya safari za angani ina nusu nyingine, na nusu hiyo niliishika mkononi ikiwa bado inadondosha maji.

"Nenda mwisho," Babu alisema.

Nilikwenda mwisho. Ya thelathini na sita ilikuwa safi kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyolala ndani kabisa. Niligeuza rangi, nikaikuza kwa vidole viwili.

Niliona ukuta wa kituo, mlango uko wazi, hakuna mtu nyuma yake. Mbele ya mlango kijana mwembamba, kola wazi, kashika rundo la funguo. Anatazama kamera moja kwa moja, na macho yake hayatulii, ni macho ya Bi Zuhura kabisa.

"Ndiye," nilisema. "Bi Zuhura, tazama. Ndiye mjomba wako."

Alichukua simu kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu. Kisha akainyoosha kwangu tena na kuniuliza, taratibu sana, "Na huyu wa pembeni yake?"

Kulia kwa Makame, mkono umemzunguka bega, alisimama kijana mfupi mwenye kifua kipana na kidevu kilichonyanyuliwa. Kidevu hicho nakijua. Baba yangu anacho, nami ninacho.

"Babu," nilisema, "ulituambia wewe ndiye uliyeipiga hii."

Hakujibu.

"Wewe umo. Mmo wote wawili."

"Kamera zilikuwa na saa," alisema kwa sauti ya chini. "Unaitega..."

"Ya Makame haikuwa na saa. Umesema mwenyewe." Nilisogeza picha chini. Jua lilikuwa nyuma ya aliyeshika kamera, na kivuli chake kilikuwa kimelala mchangani hadi miguuni pa wale vijana. Kilikuwa kirefu, kimefunikwa kichwa hadi chini, na upepo umeinua ncha ya kitambaa. Nikamuuliza swali alilonilea nalo. "Nani alipiga?"

Bi Zuhura alitoa kikaratasi kifuani, akakikunjua chini ya taa, akasoma mstari wa mwisho.

"Thelathini na sita. Amepiga Mwanaisha." Akainua uso. "Huyo ni mama yangu. Mama yangu, ambaye mpaka anakata roho aliniapia kwamba hajawahi kukutana na mtu yeyote wa bara rafiki wa kaka yake. Jumatatu ile, watu wote wamejifungia majumbani kwa hofu, mama yangu, msichana mwari, alifuata nini pale kituoni? Nambie, baba. Na kaka yake alikwenda wapi baada ya hapo?"

Babu aliinuka bila fimbo. Alipapasa hewani mpaka mkono wake ukafika usoni mwa Bi Zuhura, ukapita kwenye paji, kwenye shavu, ukasimama kwenye kidevu.

"Neema," alisema, "mwamkie shangazi yako. Halafu kafunge mlango wa nje kwa komeo, maana haya ya Makame sitayasema mara mbili."

Itaendelea Jumamosi ijayo.